Saratani ya Ini kwa Watoto: Nani Yuko Hatarini, na Nini cha Kupima Mapema

Mama mmoja ameniandikia kuhusu mtoto wa dada yake, mvulana wa mwaka mmoja na nusu, aliyegundulika hivi karibuni kuwa na saratani ya ini iitwayo hepatoblastoma. Yeye mwenyewe ana watoto wawili: wa kwanza ana miaka minane, na wa pili, mwenye miezi kumi, alizaliwa njiti akiwa na gramu 1,100. Wakati wa ujauzito huu wa pili alipimwa akaonekana ana virusi vya homa ya ini B. Anauliza kama ugonjwa wa mtoto wa dada yake ni wa kurithi, kama virusi alivyonavyo vinaweza kuwaletea wanawe saratani hiyohiyo, na kama awapeleke kupimwa. Mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo la pembeni, anaeleza kuwa baba aliyewazaa yeye na dada yake alifariki kwa saratani ya utumbo mpana iliyogunduliwa akiwa na miaka 39.

Mama, pokea pole zangu, na umfikishie dada yako pia. Barua yako imebeba mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja na hofu moja, nami nadhani nitakusaidia zaidi nikiyatenganisha, kwa sababu kila moja lina uzito wake na hatua zake. Baadhi ya yale yanayokunyima usingizi ni madogo kuliko unavyodhani, na lile ulilolitaja kwa sentensi moja tu ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Kwanza ijulikane kuwa saratani ya ini kwa watoto si ugonjwa mmoja. Hepatoblastoma, aliyonayo mtoto wa dada yako, huanzia kwenye seli changa za ini ambazo zilipaswa kukomaa mtoto akiwa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo ni ugonjwa wa watoto wadogo: wengi hugundulika kabla ya kutimiza miaka mitatu, na takribani tisa kati ya kumi kabla ya miaka mitano. Aina ya pili ni saratani ya seli za ini zilizokomaa, ileile inayowapata watu wazima, ambayo kwa watoto huonekana zaidi kuanzia umri wa miaka kumi hivi, na mara nyingi humpata mtoto ambaye ini lake limekuwa likiugua kwa muda mrefu. Zipo nyingine adimu zaidi, lakini haziingii katika swali lako. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kila kitu nitakachosema, kwani kihatarishi cha aina moja mara nyingi hakihusiani kabisa na aina nyingine. Ndiyo maana ninaweza kukuambia bila kusitasita kwamba virusi vya homa ya ini B havikuhusika na ugonjwa wa mtoto wa dada yako, hata kama na yeye dada yako angekutwa navyo: virusi hivyo huleta saratani ya aina ya pili, si hepatoblastoma.

Nianze na baba yenu, kwa sababu hilo ndilo nisingependa lisubiri.

Upo ugonjwa wa kurithi unaootesha vijinyama kwa mamia, wakati mwingine kwa maelfu, ndani ya utumbo mpana. Hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo APC, iliyoko kwenye kromosomu ya 5. Vijinyama hivyo kwa kawaida huanza kuota katika umri wa kubalehe, haviumi, na visiposhughulikiwa karibu kila mwenye navyo hatimaye hupata saratani ya utumbo mpana, wastani wa umri wa kuipata ukiwa miaka 39 hivi. Sasa, jeni hiyohiyo, ikiwa na hitilafu tangu kutungwa mimba, humweka mtoto mdogo katika hatari ya hepatoblastoma. Uhusiano huo unaeleweka vizuri. Kazi mojawapo ya APC ni kusaidia kuivunja protini iitwayo beta-katenini, ambayo huziamuru seli zigawanyike. APC ikishindwa kazi, protini hiyo hulimbikizana na seli changa za ini huendelea kugawanyika wakati ambapo zilipaswa kutulia na kukomaa. Hata katika hepatoblastoma nyingi zisizo za kurithi tunakuta njia hiyohiyo imeharibika, ila huko hitilafu iko kwenye jeni ya beta-katenini yenyewe, tena ndani ya uvimbe peke yake, wala haimo katika damu ya mtoto wala ya wazazi wake.

Babu aliyepata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 40, na mjukuu mwenye hepatoblastoma: mambo hayo mawili yakikutana katika ukoo mmoja, daktari wa saratani za watoto hana budi kuuliza kuhusu APC. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwenu. Saratani ya utumbo mpana katika umri huo ina sababu nyingine pia, za kurithi na zisizo za kurithi, na hepatoblastoma nyingi huwapata watoto ambao ukoo wao hauna historia yoyote. Lakini swali hili lisipoulizwa sasa, wanaoweza kudhurika ni watu wazima wa familia, yaani wewe na dada yako, kabla hata ya watoto. Mtu mwenye hitilafu ya APC humrithisha kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Kama baba yenu alikuwa nayo, kila mmoja wenu alizaliwa akiwa na uwezekano huohuo wa kuwa nayo.

Utaratibu wa kupima una mpangilio wake, na mpangilio ukivurugwa majibu hupotosha. Anayepimwa kwanza ni yule aliyeugua na ambaye yupo, yaani mtoto wa dada yako, kwa damu ya kawaida na siyo kwa kipande cha uvimbe pekee. Hitilafu ikionekana katika damu yake, ndipo wazazi wake, wewe, na ndugu wengine mnapimwa kwa kuitafuta hitilafu ileile mahususi. Asiyekutwa nayo hupumua, na watoto wake hawahitaji kupimwa tena kwa sababu hiyo. Damu ya mtoto ikiwa safi, hepatoblastoma yake haikutokana na APC na watoto wako hawana hatari ya ziada kwa kuwa binamu zake tu.

Hapa, hata hivyo, pana mtego ambao nimeona familia zikitumbukia. Damu safi ya mtoto haiwasafishi mama yake na mama yake mdogo. Inawezekana kabisa dada yako ana hitilafu hiyo na kwa bahati hakumrithisha mwanawe, na inawezekana baba yenu alikuwa na hitilafu ya jeni nyingine inayoleta saratani ya utumbo mpana bila kugusa ini la watoto. Kwa hiyo, majibu ya mtoto yakiwa yoyote yale, nyinyi wawili mnahitaji kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuanza miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aligundulika kuugua, yaani kwenu ni kuanzia miaka 29, na mapema zaidi kama kuna shaka ya ugonjwa wa vijinyama. Ikiwa umeshapita umri huo, usingoje dalili. Kama bado mna karatasi zozote za hospitali za baba, hasa ripoti ya upasuaji au ya kipande kilichopelekwa maabara, zitafuteni na mzibebe, kwa kuwa neno moja tu ndani yake kuhusu wingi wa vijinyama linaweza kuokoa miezi ya kubahatisha.

Tuseme basi, kwa ajili ya kulimaliza jambo hili, kwamba hitilafu ya APC imeonekana na mtoto wako mdogo ameirithi. Hata hapo uwezekano wa kupata hepatoblastoma uko chini ya 2 kwa 100. Vituo vingine huwafuatilia watoto hao kwa altrasaundi ya tumbo na kipimo cha damu cha alfafetoprotini, protini ambayo uvimbe huu huitoa kwa wingi, kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo. Vingine huona kwamba hatari ni ndogo mno kiasi cha kutostahili kumsumbua mtoto na wazazi. Mimi niko upande wa kufuatilia pale ambapo familia tayari imeshuhudia hepatoblastoma moja, mradi wazazi waelezwe mipaka ya kipimo hicho kabla ya kuanza.

Nije sasa kwa mtoto wako aliyezaliwa njiti. Uhusiano kati ya uzito mdogo sana wa kuzaliwa na hepatoblastoma uligunduliwa Japani katika miaka ya 1990, pale madaktari walipotambua kwamba kadiri watoto wadogo kupindukia walivyozidi kuokolewa, ndivyo baadhi yao walivyoanza kuonekana na saratani hii. Utafiti uliofanywa baadaye kwingineko, ikiwemo Marekani, ulithibitisha jambo hilo. Waliozaliwa na chini ya gramu 1,500 wana hatari inayozidi ile ya watoto wengine zaidi ya mara kumi, na walio chini ya gramu 1,000 ndio walio juu kabisa. Sababu yenyewe haijathibitishwa. Wapo wanaofikiria kuhusu hewa ya oksijeni ya muda mrefu, lishe ya kupitia mshipa, dawa na mionzi ambayo watoto hawa hupitia ili waishi, na wapo wanaosema ni ini changa lenyewe kulazimika kukua nje ya tumbo la mama kabla ya wakati wake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopaswa kuachwa kufanyika kwa mwanao: bila huduma ile asingekuwepo leo.

Maneno haya “zaidi ya mara kumi” yanatisha mno yakisimama peke yake, kwa hiyo tuyawekee hesabu. Katika nchi zenye takwimu nzuri, hepatoblastoma hugundulika kwa takribani mtoto mmoja hadi wawili kati ya milioni moja wenye umri wa chini ya miaka 15 kila mwaka. Kwa kuwa karibu wote wana umri wa chini ya miaka mitano, uwezekano wa mtoto wa kawaida kuupata ugonjwa huu kabla ya umri huo ni kama mmoja kati ya 40,000. Sasa zidisha hatari hiyo mara ishirini: unapata mmoja kati ya 2,000. Yaani kati ya watoto 2,000 waliozaliwa na uzito kama wa mwanao, 1,999 watakua bila kuiona hepatoblastoma. Ni makadirio, wala si kauli ya mwisho juu ya mtoto yeyote, lakini ukubwa wa jambo ndio huo. Ukilinganisha na mambo mengine yanayomkabili mtoto njiti, kama mapafu, macho, kusikia na ukuaji wa akili, hili liko mbali sana chini ya orodha, na kliniki zake hizo ndizo zinazostahili nguvu zako.

Ndiyo maana pia hatuwapimi watoto njiti wote alfafetoprotini. Protini hii hutengenezwa na ini la mtoto tumboni, na kila mtoto mchanga huzaliwa akiwa nayo kwa wingi mkubwa. Hushuka polepole mpaka kufikia kiwango cha mtu mzima karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa mtoto njiti huwa juu zaidi na huchelewa kushuka. Ukimpima bila sababu mtoto wa miezi mitatu na kuyasoma majibu kwa kipimo cha watu wazima, utapata namba ya kutisha isiyo na maana yoyote, na utamfungulia mlango wa picha na sindano ambazo hakuzihitaji. Kwa mwanao, mpaka majibu ya jeni ya binamu yake yatoke, inatosha daktari au muuguzi ampapase tumbo kwa makini kila anapohudhuria kliniki. Ukiona hofu imekuzidi, altrasaundi moja ya tumbo haimdhuru, ila usiichukue kuwa hati ya kudumu: inaeleza hali ya ini siku ile tu.

Kuhusu virusi vya homa ya ini B, hapa hatari ni ya kweli, na tunafahamu hasa namna ya kuizuia, ndiyo maana nitakaa kidogo.

Mtoto anayeambukizwa virusi hivi wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani 90 kwa 100 wa kubaki navyo maisha yake yote, ilhali mtu mzima anayeambukizwa leo ana chini ya 5 kwa 100. Mwili wa mchanga hauvitambui kuwa ni adui, kwa hiyo haupigani navyo. Vinakaa, vinazaliana, na vinajichomeka ndani ya jeni za seli za ini. Baada ya miaka mingi ya uvimbe wa chini kwa chini na makovu, saratani huweza kuanza. Wengi huipata wakiwa watu wazima, lakini wapo wanaoipata wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili, na baadhi yao ini halikuwa hata limefikia hatua ya kusinyaa kwa makovu. Ushahidi mzuri kuliko wote tunao kutoka Taiwan. Nchi hiyo ilianza kuwachanja watoto wachanga Julai 1984, kwanza waliozaliwa na mama wenye virusi, kisha wote. Kati ya 1981 na 1986, kabla watoto waliochanjwa hawajafikia umri wa kuhesabiwa, saratani ya seli za ini iliwapata watoto 0.70 kati ya kila 100,000 wenye umri wa miaka 6 hadi 14 kwa mwaka. Kufikia kipindi cha 1990 hadi 1994 kiwango kilikuwa 0.36. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo kuonekana ikipunguza saratani ya binadamu katika nchi nzima, tena ndani ya miaka kumi tu, na mpaka leo nikiyatazama matokeo hayo napata moyo.

Sasa jiulize, au uulize kadi ya kliniki: mwanao alichanjwa lini? Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mtoto wa mama mwenye virusi, pale inapopatikana, apewe pia sindano ya kingamwili siku hiyohiyo. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,000 kuna jambo ambalo husahaulika: dozi ile ya kwanza haihesabiwi, kwa sababu mwili wake bado haukuwa na nguvu ya kujenga kinga kamili, hivyo anatakiwa kupata dozi nyingine tatu baada yake. Angalia kadi kama zimetimia. Kisha, akiwa na miezi tisa hadi kumi na miwili, nawe umeandika wakati unaofaa kabisa, apimwe vitu viwili: kama ana virusi, na kama ana kinga ya kutosha. Kipimo hiki ndicho ambacho mwanao anakihitaji zaidi ya vingine vyote vilivyotajwa humu.

Mtoto wako mkubwa naye apimwe. Virusi vyako viligundulika katika ujauzito wa pili, lakini hilo halina maana kwamba uliambukizwa wakati huo. Watu wengi wenye virusi hivi wamekuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Ikiwa mkubwa hakuambukizwa wala hana kinga, achanjwe. Akikutwa navyo, si hukumu: atafuatiliwa na daktari wa ini kwa vipimo vya damu na altrasaundi, na zipo dawa kwa wakati utakapofika. Na wewe mwenyewe, mama, usijisahau. Unahitaji kujua wingi wa virusi katika damu yako na hali ya ini lako, na ukipata ujauzito mwingine mweleze mkunga mapema, kwa kuwa mama mwenye virusi vingi akipewa dawa ya tenofovir katika miezi ya mwisho ya ujauzito, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hupungua sana. Kunyonyesha hakukatazwi. Kula pamoja, kukumbatiana na kubeba mtoto hakuambukizi.

Vihatarishi vilivyobaki nitavipitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa hujavitaja, lakini ni vyema uvifahamu ili uweze kuviondoa akilini. Kuna watoto wanaozaliwa na sindromu ya Beckwith-Wiedemann, inayotokana na mvurugiko katika sehemu ya kromosomu ya 11 inayosimamia ukuaji. Huzaliwa wakubwa, wakiwa na ulimi mnene, kitovu chenye ngiri au utumbo uliotokeza nje, sukari inayoshuka baada ya kuzaliwa, na wakati mwingine upande mmoja wa mwili mkubwa kuliko mwingine. Hawa wana hatari ya hepatoblastoma na ya saratani ya figo, na kwao ufuatiliaji wa altrasaundi na alfafetoprotini kila baada ya miezi mitatu katika miaka ya mwanzo umethibitika kuwa na faida, kwani uvimbe hukamatwa ukiwa mdogo. Hata mtoto ambaye ana mguu na mkono wa upande mmoja mnene tu, bila dalili nyingine, anastahili kuonwa na daktari. Watoto wenye kromosomu ya 18 ya ziada nao wamo katika kundi hili.

Kwa ile saratani ya aina ya pili, mbali na virusi vya B, na kwa kiasi kidogo virusi vya C, yapo magonjwa ya kurithi yanayoliharibu ini tangu utotoni. Mfano ulio wazi ni tairosinemia ya aina ya 1, ambapo mwili hushindwa kuivunja asidi amino moja na mabaki yake huwa sumu kwenye ini. Zamani sehemu kubwa ya watoto waliokuwa nayo na wakavuka miaka miwili walipata saratani. Dawa ya nitisinone, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, imebadilisha hali hiyo kabisa mradi ianzwe mapema. Magonjwa ya kurithi ya kukwama kwa nyongo, baadhi ya magonjwa ya ulimbikaji wa sukari mwilini, na kuziba kwa mirija ya nyongo tangu kuzaliwa nayo yanahitaji ini lifuatiliwe. Katika yote hayo mtoto huwa na dalili za ugonjwa wenyewe kabla ya saratani: macho ya manjano yasiyoisha, choo cheupe, tumbo kujaa, kudumaa. Mtoto mwenye ini zima hayumo katika kundi hilo.

Katika mazingira, yapo mawili ninayoweza kuyasema kwa uhakika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekubali kwamba uvutaji sigara wa wazazi ni kisababishi cha hepatoblastoma kwa watoto, na hapa namtaja baba sawasawa na mama. Kama kuna anayevuta nyumbani, kuacha ni msaada kwa mtoto kwa sababu nyingi, na hii ni mojawapo. La pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo huharibu jeni za seli za ini. Huleta saratani ya aina ya pili, kwa kawaida baada ya miaka mingi, na madhara yake huzidi sana kwa mtu aliye na virusi vya B. Kwenye nyumba yenye mtu mwenye virusi hivyo, nafaka na karanga zenye ukungu, hata kidogo, zisiliwe.

Umeniuliza pia, kwa maneno yaliyonigusa, kama dada yako alikosea jambo katika ujauzito wake. Watoto wengi wenye hepatoblastoma hawana hata kihatarishi kimoja kati ya vyote nilivyovieleza, na hata wale walio nacho hatuwezi kumwonyesha mzazi siku wala tendo tukasema saratani ilianzia hapo. Kuanguka kwa mtoto, homa aliyowahi kuugua, chanjo alizopata, au mama kukosa hamu ya kula wakati wa ujauzito, si miongoni mwa visababishi. Mwambie hivyo kwa maneno yako mwenyewe, na umwambie pia kwamba hepatoblastoma ni kati ya saratani za ini zinazotibika: kwa dawa ya sisplatini, upasuaji wa kuondoa uvimbe, na pale inapolazimu kupandikiza ini, mahali ambapo huduma hizi zote zipo takribani watoto wanne kati ya watano hupona.

Dalili za kuziangalia kwa mtoto wako mdogo ni chache. Kubwa ni uvimbe mgumu usiouma upande wa kulia wa tumbo juu, ambao mara nyingi mzazi huugundua akimwogesha au akimvalisha, au tumbo kukua huku mikono na miguu ikikonda. Huweza kufuatwa na kukosa hamu ya kula, kutapika, weupe wa viganja na homa zisizoeleweka. Manjano si ya kawaida katika hepatoblastoma, hivyo kutokuwepo kwake kusikutulize. Ukihisi uvimbe, mpeleke hospitali ndani ya siku chache, na usimkande wala kumbinyabinya tumbo.

Mpangilio wa hatua, kwa hali yenu, ni huu. Wiki hii, mweleze dada yako awaambie madaktari wa mwanawe habari za baba yenu, na aombe kipimo cha jeni ya APC katika damu ya mtoto. Wiki hii pia, peleka kadi ya chanjo ya mdogo kliniki, na watoto wako wote wawili watolewe damu ya kupima homa ya ini B. Katika mwezi huu au ujao, wewe na dada yako mpange miadi ya kuangaliwa utumbo mpana, na wewe uonwe na daktari wa ini. Majibu ya jeni huweza kuchukua wiki kadhaa. Yakitoka na hitilafu ikaonekana, omba ushauri wa daktari wa magonjwa ya kurithi kabla ya kuwapima watoto wako, kwa kuwa wewe ndiye wa kupimwa kwanza, na majibu yako yakiwa safi hao wawili hawatahitaji kuchomwa sindano hiyo kabisa.